Namna ya Kuchagua Ubao Shirikishi wa Mtandaoni kwa Timu Inayofanya Kazi Ikiwa Mbalimbali

Timu ambayo nusu ya wajumbe wake wako Dodoma mjini na nusu nyingine wako Kondoa, Mpwapwa na Manyoni haipaswi kuchagua ubao wa mtandaoni kwa kusoma orodha ndefu ya mambo ambayo programu inaweza kufanya. Imtazame kwanza mjumbe mwenye simu ndogo na mtandao dhaifu kuliko wenzake wote, kisha ijiulize kama mjumbe huyo ataweza kuweka wazo lake ubaoni bila kumwomba mtu msaada. Mwongozo huu nimewaandikia waratibu wa miradi, maofisa mipango, wahadhiri na wote wanaoendesha vikao vya kupanga kazi kwa njia ya mtandao, na unafuata utaratibu ninaoutumia katika kazi yangu ya uwezeshaji.

Ubao shirikishi ni ukurasa mpana unaofunguliwa kwenye kivinjari, ambapo watu wengi huandika, huchora na kubandika kadi kwa wakati mmoja, na kila mmoja huona papo hapo anachofanya mwenzake. Aliyewahi kukaa katika kikao cha kijiji cha Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, penye bango kitita, kadi za manila na maka peni, anaijua kazi hii tayari. Ubao wa kielektroniki unaofungwa ukutani darasani ni kifaa kingine, na siuzungumzii hapa.

Hatua ya 1: Andika kazi ya ubao kwa sentensi moja

Kabla ya kufungua programu yoyote, andika sentensi inayoeleza kitu ambacho timu itakuwa nacho mkononi kikao kitakapokwisha. Kwa mfano: "Tutakuwa na orodha ya vikwazo vya kusambaza mbegu za alizeti kwa kila wilaya, iliyopangwa kwa uzito na yenye jina la mtu atakayeshughulikia kila kikwazo." Sentensi hiyo inakuambia kwamba unahitaji kadi, safu na namna ya kupiga kura, wala huhitaji kalamu za rangi nyingi za kuchorea. Mhandisi anayeeleza njia ya maji kutoka kisimani hadi kwenye tangi anahitaji kinyume chake, yaani mistari, mishale na maumbo. Ukishindwa kuiandika sentensi hiyo, huenda kikao chako hakihitaji ubao hata kidogo, na waraka mmoja wa pamoja au simu ya kawaida ingetosha.

Hatua ya 2: Orodhesha vifaa na mtandao wa kila mjumbe

Tuma maswali machache kwenye kundi la WhatsApp la timu. Je, mjumbe atatumia kompyuta mpakato, kishikwambi au simu? Je, mtandao gani unashika vizuri mahali atakapokaa siku hiyo? Je, bando analipiwa na ofisi au analipia mwenyewe? Swali la mahali lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu ofisa ugani anayejibu akiwa makao makuu ya wilaya, siku ya kikao anaweza kuwa kata ya mbali ambako mtandao wake hupatikana juu ya kilima tu. Uliza pia kama ana akaunti ya barua pepe anayokumbuka nywila yake. Nimeona vikao vikipoteza nusu saa ya kwanza kwa sababu watu walitakiwa kujisajili, wakasubiri namba ya uthibitisho katika barua pepe ambayo hawajaifungua kwa miezi.

Majibu yote yaweke katika jedwali moja, kisha weka alama kwa mjumbe mwenye hali ngumu kuliko wote, kwa maana yeye ndiye kipimo chako katika hatua zinazofuata.

Hatua ya 3: Teua programu zisizozidi 3 za kujaribu

Programu ni nyingi, na kuzijaribu zote ni kuchosha timu bure. Nitataja zile ambazo naona zinafaa kufikiriwa na timu za huku kwetu.

Excalidraw ni programu huria inayofunguka moja kwa moja kwenye kivinjari bila kujisajili. Mwenyeji huanzisha kikao cha pamoja, hutuma kiungo, na aliyekipokea huingia na kuanza kuandika. Yaliyomo katika kikao hicho husimbwa kutoka kifaa hadi kifaa, na ufunguo wa kuyasoma umo ndani ya kiungo chenyewe, hivyo kiungo kinapaswa kutunzwa kama nywila inavyotunzwa. Upungufu wake ni kwamba ubao wake wa bure hauna kura wala kipima muda, na kadi hutengenezwa kwa kuchora kisanduku na kuandika ndani yake. Kwa michoro ya mtiririko wa kazi, na kwa timu ndogo ambayo wajumbe wake hawataki usumbufu wa akaunti, ndiyo ninayoanza nayo.

Miro na FigJam zimetengenezwa hasa kwa ajili ya warsha. Zina kadi za rangi, violezo vilivyo tayari, fremu za kugawa ubao katika sehemu, pamoja na zana za mwezeshaji. Ukinakili orodha kutoka kwenye jedwali la kompyuta na kuibandika, kila seli huweza kugeuka kadi yake, jambo linalookoa muda mwingi kama nitakavyoeleza katika hatua ya 7. Mpango wa bure wa Miro huruhusu mbao 3 tu zinazoweza kuhaririwa, kwa hiyo timu yenye miradi mingi hufika ukomo huo mapema. Zote mbili ni nzito kwa simu za bei nafuu, hasa ubao unapojaa picha.

Microsoft Whiteboard inafaa kwa taasisi ambayo tayari inalipia Microsoft 365 na kufanya vikao vyake ndani ya Teams, kwa kuwa hakuna akaunti mpya ya kufungua. Ubao wake huhifadhiwa katika OneDrive ya mtu aliyeuanzisha. Jambo hilo lina matokeo ya kiutawala: mratibu akihamishwa au mkataba wake ukiisha na akaunti yake ikafutwa, ubao wa timu unaweza kupotea pamoja nayo. Uanzishwe basi na mtu ambaye akaunti yake itadumu.

Vyuo vinavyofundisha kwa mbali vitazame BigBlueButton, ambayo ni programu huria inayowekwa kwenye seva ya chuo chenyewe, huungana na Moodle (mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni), na ina ubao ambao mhadhiri huweza kuwafungulia wanafunzi wote waandike juu ya slaidi zake.

Katika uteuzi huu zingatia pia uhai wa huduma. Jamboard ya Google ilitumika sana mashuleni na maofisini, lakini mwaka 2023 Google ilitangaza kuifunga, na mwisho wa mwaka 2024 ikafungwa, watumiaji wakielekezwa kwenye FigJam, Lucidspark na Miro. Kampuni kubwa nyuma ya programu si dhamana ya kudumu, na ndiyo sababu hatua ya 8 ya mwongozo huu haipaswi kurukwa.

Hatua ya 4: Zijaribu kwa simu dhaifu, kwa bando halisi

Chukua simu inayofanana na ya yule mjumbe uliyemwekea alama, zima Wi-Fi, na ufungue kiungo cha ubao kupitia bando. Kabla ya kuanza, nenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya matumizi ya data, uandike kiasi ambacho kivinjari kimetumia. Fanya hivyo tena baada ya dakika 20 za kuandika na kusogeza kadi. Tofauti ya namba hizo ndiyo itakayokuambia gharama ya kikao kwa mjumbe wako, na ni ya kuaminika kuliko maelezo yoyote ya mtengenezaji.

Inasaidia kuelewa data inakwenda wapi. Unapochora mstari au kusogeza kadi, ubao hautumi picha ya ukurasa mzima. Hutuma taarifa fupi tu kwamba kitu fulani kimehama kutoka hapa hadi pale, na taarifa hiyo ni nyepesi sana. Kinacholemea ni mambo mawili: picha zilizobandikwa ubaoni, ambazo kila anayefungua hulazimika kuzipakua, na video ya kikao chenyewe inayoendelea pembeni. Picha moja ya simu ya kisasa huweza kufika MB kadhaa, kwa hiyo picha 10 za shamba zilizobandikwa bila kupunguzwa huweza kuufanya ubao usifunguke kabisa huko Mpwapwa vijijini. Punguza ukubwa wa picha kabla ya kuzibandika, na mkishaanza kazi ya ubao kila mtu azime kamera abaki na sauti.

Katika jaribio hilo angalia kama kidole kinaweza kufungua kadi na kuandika bila kuuvuta ubao wote, kama maandishi yanasomeka bila kukuza kila mara, na mtandao ukikatika kisha ukarudi, kama yaliyoandikwa katikati yanabaki au yanapotea. Kata data kwa makusudi kwa dakika moja uone. Programu iliyoshindwa jaribio hili iondoe katika orodha, hata kama wenye kompyuta mjini wameipenda.

Hatua ya 5: Pima taarifa zitakazoandikwa

Seva za programu nyingi za aina hii ziko nje ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka masharti kuhusu ukusanyaji wa taarifa za watu na usafirishaji wake nje ya Tanzania. Timu ya afya isibandike ubaoni majina ya wagonjwa, wala timu ya kilimo isibandike orodha ya wakulima yenye namba za simu na za vitambulisho. Tumieni namba za ndani badala ya majina, au jumla kwa kata. Watumishi wa umma wana pia Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, na ni sahihi kupata kauli ya kitengo cha TEHAMA cha taasisi kwa maandishi kabla ya kufungua akaunti yoyote ya kazi.

Hatua ya 6: Hesabu gharama

Malipo kwa kawaida hutozwa kwa dola, kwa kila mhariri kwa mwezi, na huhitaji kadi. Mara nyingi wahariri wawili au watatu wanaolipiwa wanatosha, wengine wakiingia kama wageni, lakini hakikisha kwanza kwamba mpango mnaoununua unawaruhusu wageni kuandika, usiwe wa kuwaruhusu kutazama peke yake. Bando la wajumbe liingizwe katika bajeti ya kikao kama nauli inavyoingizwa.

Hatua ya 7: Andaa ubao na njia ya akiba

Gawa ubao katika fremu zilizoandikwa namba kubwa, ili uweze kusema "twende fremu ya 2" na kila mtu aifikie. Katika kila fremu andika swali moja. Vichwa vya safu, mistari na kila kitu kisichopaswa kuhama kifunge mahali pake kwa amri ya kufunga, kwa sababu anayetumia kidole kwenye simu huweza kuburuta msingi wote wa ubao bila kujua, na kadi za wenzake zikabaki zimetawanyika.

Andaa pia kadi moja ya mfano ndani ya kila fremu, kwa kuwa watu huiga wanachokiona. Kadi inayosema "Barabara mbaya" haisaidii upangaji. Afadhali ya mfano isome hivi: "Januari hadi Machi korongo hujaa, lori la mbegu haliwezi kuvuka." Kadi ya namna hii ina msimu, mahali na athari, na mjadala juu yake huanza mbele zaidi. Ukiweka mfano mmoja wa aina hii, kadi zitakazofuata hufuata sura yake bila wewe kufundisha.

Kisha teua mwandishi wa ubao, ambaye si mwezeshaji. Mjumbe ambaye mtandao wake umeshindwa hutuma mawazo yake WhatsApp, wazo moja kwa kila mstari, na mwandishi huyaweka kwenye jedwali na kuyabandika ubaoni kama kadi, akiandika jina la wilaya katika kila moja. Umeme ukikatika Dodoma, mwenyeji ahamie kwenye simu yenye bando, na mtu wa pili mwenye haki ya kuhariri achukue uongozi mara moja. Haki hiyo apewe kabla ya siku ya kikao.

Siku moja kabla, ita watu kwa dakika 15 waingie ubaoni na kila mmoja aweke kadi yenye jina la kituo chake. Asiyeweza kuingia atajulikana hapo, wakati bado kuna muda wa kumsaidia.

Hatua ya 8: Toa matokeo ubaoni siku hiyohiyo

Kabla wajumbe hawajaondoka, mwandishi apakue ubao kama PDF au picha, na kadi zilizopata kura nyingi azihamishie katika jedwali lenye kikwazo, hatua, mhusika na tarehe. Kama mnatumia Excalidraw, hifadhini pia faili lenyewe, maana ndilo linaloweza kufunguliwa tena na kuhaririwa. Jedwali litumwe kwenye kundi kama maandishi yanayosomeka kwenye simu bila kufungua ubao. Faili zote ziwekwe katika folda ya timu kwa jina lenye tarehe na mada ya kikao, kisha mwenyeji abadilishe ruhusa ya kiungo ili walio nacho waweze kusoma tu, au akifunge kabisa ikiwa kilisambazwa nje ya timu.