Hendibreki ya kuvuta na ya swichi, jinsi ya kuzitumia zisikusumbue

Wenye gari za otomatiki wengi wakipaki wanatupia P, ile gia ya kupaki, wanazima, wanashuka, hendibreki hata hawaikumbuki. Ile P ni kijino tu cha chuma ndani ya giaboksi, sasa ukipaki mteremkoni uzito wote unalala pale, ndo maana ukitoa P unasikia "gdup!" na gari inatikisika. Fanya hivi: kanyaga breki, weka N (nyutro, gia huru), vuta hendibreki, achia breki ya mguu taratibu gari iegemee hendibreki, halafu kanyaga tena ndo uweke P. Manyuo ni hivyohivyo ila unamalizia na gia namba moja, au rivasi kama pua imeangalia chini.

Hii ya kuvuta inatumia kebo, na kebo isipotumika inashika kutu, kwa hiyo kuitunza kwanza ni kuitumia kila siku. Ukivuta sikiliza ule mlio wa tik tik, kama zamani ilikuwa inashika kwenye tik ya 6 na sasa inafika 10, kuna kitu kimelegea au shuu za nyuma, vile vipande vinavyobana ndani ya tairi, zinaisha. Hapa mafundi wengi wanakimbilia kukaza ile nati ya kebo chini ya mkono wa hendibreki, mi sipendi, maana kama nyuma ni dramu, yaani shuu zinabana ndani ya pipa la chuma, unaanza kwa kuadjasti shuu kwenyewe, kebo baadaye. Ukimaliza weka vizuizi tairi za mbele, inua nyuma na jeki, weka stendi, shusha hendibreki uzungushe tairi kwa mkono, zikiwa nzito umekaza sana na shuu zitaungua. Ukitoka safari ukasikia harufu ya kuungua na rimu moja ya nyuma ina joto kuliko mwenzake, angalia kama kebo imeganda.

Gari ikikaa wiki kadhaa bila kutembea usiiache imevutwa, hasa ikiwa imelowa, shuu zinagandia kwenye dramu. Weka gia na vizuizi vya tairi.

Hendibreki za swichi, nyingi zina mota ndogo kwenye kalipa za nyuma, zile zinazobana pedi kwenye diski. Vuta swichi, subiri taa nyekundu iwake na ule mlio wa mota uishe ndo uachie breki. Kile kitufe cha AUTO HOLD sio hendibreki ya kupakia, kinashikilia kwa presha ya mafuta ya breki ukiwa foleni tu. Betri ikifa hendibreki ikiwa imeshika, mota haifanyi kazi, gari haisukumiki mpaka uibusti, usilazimishe kuivuta gari. Na wakati wa kubadilisha pedi za nyuma lazima mota irudishwe kwanza, gari nyingi ni kwa mashine ya dayagnosisi, fundi akiibana pistoni kwa nguvu bila hivyo anaua mota, na mota sio kitu cha bei rahisi.

Breki ya mguu ikifeli ukiwa mwendo, swichi unaivuta na kuishikilia hivyohivyo bila kuachia, kompyuta itapunguza mwendo yenyewe. Ya kuvuta bonyeza kitufe chake muda wote, vuta kidogokidogo huku ukishusha gia, ukiinyakua kwa mpigo tairi za nyuma zinalock na gari inageuka.