Kutoa rangi ya zamani kwenye modeli za plastiki bila kuila plastiki yenyewe

Kabla ya kufungua chupa yoyote, jua kitu ulichoshika kimetengenezwa kwa malighafi gani. Ndege, vifaru na magari ya kuunganisha ya Tamiya, Airfix au Revell, pamoja na askari wa plastiki ngumu wa Games Workshop, kwa kawaida ni polistirini. Polistirini haisumbuliwi na sabuni wala kostiki soda, na alkoholi huivumilia kwa saa kadhaa. Lakini asetoni, petroli na thina ya rangi za magari huiyeyusha au kuiacha ikikatika kama biskuti. Dawa ya kutolea rangi ya kucha nayo iko kundi hilo, hata ile iliyoandikwa kuwa haina asetoni, maana mara nyingi huwekewa kiyeyushi kingine kinachokula polistirini vilevile.

Vitu vingine vina tabia zake. Rezini, hasa ile ya mashine za kuchapa za 3D, hufyonza alkoholi, ikavimba na kupasuka ikiachwa muda mrefu. Plastiki laini inayopinda, ikiloweshwa kwenye viyeyushi, hugeuka ngumu au kunata. Vigari vya chuma vya aina ya Matchbox ni aloi ya zinki, na kostiki soda huila zinki. Sanamu za madini ya risasi au bati huvumilia karibu kila kiyeyushi, ila viungo vilivyoshikwa kwa supaglu vitaachia. Vioo vya ndege na magari vitoe kwanza kama vinatoka. Plastiki angavu hupata nyufa nyembamba za ndani ikiguswa na alkoholi, na nyufa hizo hazifutiki.

Ukiwa na shaka, jaribu kwenye kipande kilichobaki cha fremu iliyoshikilia vipande vya modeli au upande wa chini wa modeli. Paka kimiminika kwa kijiti cha pamba, hakikisha pamebaki pabichi kwa nusu saa, kisha bonyeza kwa ukucha. Pakinata, pakipauka au pakiacha alama, tafuta dawa nyingine.

Rangi nayo ipimwe. Sugua mahali pasipoonekana kwa pamba yenye spiriti. Ikihamia kwenye pamba ndani ya dakika moja au mbili, ni akriliki, yaani rangi ya maji, na kazi yako ni nyepesi. Isipohama, huenda ni enameli, yaani rangi ya mafuta kama Humbrol za makopo, au laka, rangi ngumu ya kopo la kupulizia.

Kwa akriliki, dawa bora ni alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Tumia chupa ya kioo yenye mdomo mpana na kifuniko, mimina hadi modeli izame yote, funika. Angalia baada ya dakika 15. Rangi za akriliki za Tamiya hulegea mapema. Zile za Vallejo hutoka kama ngozi nyembamba ya mpira. Tabaka nene huenda likahitaji saa mbili au tatu. Usilale ukaiacha humo siku tatu ukidhani inazidi kulainika, kwani sehemu nyembamba kama antena na mitutu ya bunduki zitakakamaa na kuvunjika. Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 inafaa pia, ila ni ya polepole kwa sababu ya maji yaliyomo. Sanitaiza ya jeli usihangaike nayo.

Isopropili hutoa mvuke unaoweza kuwaka kuanzia takribani nyuzi 12 za Selsiasi. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, hiyo ni saa zote, mchana na usiku. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni kuelekea penye moto. Fanya kazi barazani au dirishani, mbali na jiko la mkaa, gesi, mshumaa na sigara. Wenye mashine za kuoshea kwa mawimbi ya sauti wasimwage alkoholi ndani yake; humo ni maji na sabuni tu.

Asiyepata isopropili atumie Dettol ya kahawia, ile ya kusafishia vidonda, bila kuichanganya na maji. Ni ya taratibu, saa 12 hadi 24, na harufu yake itajaa nyumba nzima, lakini ni mpole kwa polistirini na huondoa hata baadhi ya enameli. Wengi huharibu kazi kwenye hatua moja: wanaitoa modeli na kuipeleka moja kwa moja bombani. Dettol ikikutana na maji hugeuka nyeupe kama maziwa, na rangi iliyokuwa imelainika hurudi kushika modeli ikiwa utelezi unaonata kama lami, ukijibana kwenye kila mkunjo wa nguo na kila mstari wa bati la ndege. Kwa hiyo maji yakae mbali mpaka rangi iishe. Sugua modeli ikiwa imelowa Dettol, isuuze kwenye Dettol nyingine safi, paka sabuni ya vyombo isiyoongezwa maji na usugue tena, ndipo uende kwenye maji. Ikiwa umeshakosea, irudishe kwenye Dettol na uanze upya. Hakuna kilichoharibika isipokuwa muda. Vaa glavu, na paka asikaribie: dawa hii ni sumu kwake.

Enameli sugu huhitaji kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni. Vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji baridi vinatosha. Maji yatangulie ndooni na soda ifuate kidogo kidogo. Ukimwagia maji juu ya soda, mchanganyiko utachemka ghafla na kuruka. Ndoo iwe ya plastiki, kamwe isiwe sufuria ya alumini, ambayo italiwa huku ikitoa gesi ya haidrojeni. Miwani ya kukinga macho na glavu ndefu ni lazima. Modeli ikae kwa saa kadhaa hadi usiku mmoja, kisha isuuzwe mpaka vidole vyenye glavu visihisi utelezi. Mafuta ya breki, ambayo wengi huyasifia, hutoa enameli kweli, lakini hayana uwezo ambao soda haina, nayo ni sumu na huchafua kila yanapodondokea.

Laka iliyokaa miaka ni mtihani. Ikikataa isopropili kwa saa chache, usipandishe ukali wa dawa. Isugue kwa msasa wa maji namba 800 kisha 1,200, ikiwa imelowa, na upake rangi mpya juu yake. Rangi za miongo ya zamani huenda zina risasi, kwa hiyo vumbi kavu la msasa ni hatari ya kweli, zaidi kwa watoto.

Sehemu zenye kromu zitumbukize kwenye jiki. Kromu hupotea kwa dakika chache hadi saa moja. Chini yake hubaki tabaka la njano la laka, ambalo hutolewa kwa kostiki soda. Suuza kabisa kati ya dawa moja na nyingine. Jiki isikutane na spiriti, Dettol, siki wala amonia, maana gesi yake huumiza mapafu.

Kusugua kunataka mswaki laini uliochakaa na vijiti vya meno kwa pembe. Sindano na brashi ya shaba hukwaruza. Rangi isiyotoka kwa mswaki haijaiva, irudishe ndani. Doa jekundu lisilo na unene si rangi tena, plastiki imelifyonza, praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, italifunika.

Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha kivulini siku nzima. Juani juu ya mabati au ndani ya gari, mabawa hupinda. Kagua viungo na puti kabla ya praima.

Alkoholi iliyotumika iache itulie siku moja, ichuje kwa kitambaa, na uitumie tena. Tope lililobaki likaukie nje mbali na moto, kisha liende na taka ngumu, si kwenye sinki wala mtaroni.