Gati la meli za kitalii likija kwenu: jinsi ya kusoma ripoti ya maji na kuandika maoni yatakayofanyiwa kazi

Hii nawaandikia wavuvi, watu wa BMU (vikundi vya kusimamia ufuo na uvuvi), waongoza watalii, wenye vibanda vya ufuoni na yeyote anaeishi karibu na mahali ambapo kumetoka tangazo kwamba gati jipya la meli za kitalii litajengwa. Mimi sipingi gati. Mombasa tunacho tayari kituo cha abiria wa kruzi pale gati namba 1 Kilindini, na meli ikifunga siku hiyo watu wengi wanapata riziki, kuanzia madereva wa teksi hadi wauza vinyago na vijana wanaotembeza wageni Fort Jesus na Mji wa Kale. Ninachotaka ni maji yachunguzwe sawasawa kabla mashine haijashuka, kwa sababu tope likishatawanyika hakuna barua itakayolirudisha chini, na mwenye dema, ule mtego wa samaki unaolazwa chini, ndo wa kwanza kuumia.

Kwanza ipate ripoti yenyewe, usitegemee muhtasari wa WhatsApp. Chini ya sheria ya mazingira ya Kenya ya 1999 (EMCA) mradi mkubwa kama huu unahitaji utafiti kamili wa athari za mazingira, ile EIA, kabla NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, haijatoa leseni, na kanuni za 2003 zinamtaka mwenye mradi abandike mabango sehemu za watu, atangaze gazetini na redioni na afanye mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoguswa. Ripoti ikishafika NEMA inatolewa notisi na hapo ndo siku zenu za kutoa maoni zinaanza kuhesabiwa, mara nyingi ni 30, lakini soma tarehe kwenye notisi yenyewe. Ukizungushwa, andika barua ya kuomba chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ofisi ya umma inatakiwa ikujibu ndani ya siku 21. Sasa piga hesabu, 21 kati ya 30, ndo maana barua hiyo iende siku ile ile umeona notisi, si wiki ya tatu.

Ukishaipata usianze ukurasa wa kwanza. Hizi ripoti zinakuwa na kurasa mia kadhaa na nyingi ni historia ya kaunti, idadi ya watu, picha za mikutano. Ruka moja kwa moja hadi kwenye sura ya hali ya mazingira ilivyo sasa, utafute jedwali la vipimo vya maji. Hapo ndo roho ya ripoti, kwa sababu kila kitu kitakachosemwa baadae, ati maji yamebaki salama au yameharibika, kitalinganishwa na hizo namba. Angalia sampuli zilichotwa wapi, mwezi gani, maji yakiwa yanajaa au yanapwa, siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) au za maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo), na kina gani. Kama jedwali lina namba tu bila hayo, andika hivo kwenye maoni yako, hilo peke yake ni pengo kubwa.

Mwezi una maana kuliko watu wanavyodhani. Chukua hori la Port Reitz, mito kama Mwache inaingia mle, na wakati wa masika inashuka na udongo wa bara mpaka maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa. Mtu akipima wakati huo tu atapata tope jingi na ataliandika kama hali ya kawaida, halafu mkandarasi akianza kuchimba kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini mashariki, wakati ambapo maji yetu huwa yametulia na yanaonekana hadi chini, tope lake litaonekana si kitu ukililinganisha na lile la mvua. Karatasi itasema hakuna kilichobadilika wakati nyasi za bahari zimekosa jua. Kwa hivo dai vipimo vya masika na vya kaskazi, na vya kusi pia, msimu wa upepo wa kusini mashariki, na kila msimu ulinganishwe na msimu wake.

Na nyinyi wenyewe pimeni, msingoje mtu. Kuna kifaa rahisi sana wanasayansi wanakitumia tangu karne ya 19, kinaitwa diski ya Secchi. Tafuta sahani bapa au mfuniko wa sentimita 30 hivi, ugawe robo nne, upake nyeupe na nyeusi kwa kupishanisha, utoboe katikati, ufunge jiwe au chuma chini yake ili ishuke wima, na kamba uitie fundo kila sentimita 10. Mchana jua likiwa juu shusha ile sahani upande wa dau wenye kivuli, taratibu, mpaka isionekane kabisa, soma kamba, kisha ivute juu kidogo kidogo mpaka ionekane tena, soma kamba, jumlisha hizo mbili ugawe kwa mbili. Hicho ndo kipimo cha maji kuona mbali mahali pale. Andika tarehe, saa, maji yanajaa au yanapwa, jina la mahali kama wavuvi mnavyopaita, na piga picha kwa simu ikiwa imewasha lokesheni. Mtu yule yule apime mahali pale pale, bamvua na maji mafu, mwezi baada ya mwezi. Daftari la namna hiyo si la kuchezea, mtaalamu hawezi kusimama mkutanoni aseme nyinyi mna hisia tu.

Baada ya maji yenyewe nenda kwenye udongo wa chini. Watu wengi hapa wanapita haraka na ndo penye hatari zaidi hasa kama gati linajengwa ndani ya bandari iliyozoea meli. Chini pale kumelala miaka mingi ya mafuta, vyuma na rangi za kuzuia chaza wasishike kwenye meli, zikiwemo zile za zamani zenye bati (TBT) ambazo mkataba wa kimataifa wa 2001 ulizipiga marufuku na ukaanza kufanya kazi 2008. Na Mombasa tusisahau mwaka 1988 tani maelfu za mafuta zilimwagika hori la Makupa na mikoko ikafa. Vitu kama hivi vikifunikwa na tope vinatulia, ukivichimba vinaamka. Kwa hivo cheki udongo ulipimwa vitu gani, shaba, risasi, zebaki, TBT, mafuta, na hasa cheki ulichotwa kwa kina gani. Kama wanapanga kuchimba mita tatu kwenda chini na sampuli zote ni za udongo wa juu, basi hawajui wanachokwenda kukitoa. Waambie washushe bomba la kuchotea mpaka kina kile kile kitakachochimbwa, na wapime tabaka kwa tabaka.

Halafu sura ya kuchimba, wenyewe wanaita kudreji. Hapa tafuteni vitu vitatu tu: tope litasafiri mpaka wapi, nani analipima kila siku, na mashine inasimama ikifika namba gani. Hicho cha tatu kikikosekana vyengine vyote ni maneno. Ripoti nyingi zinasema "hatua stahiki zitachukuliwa", msikubali, takeni iandikwe kwamba tope likizidi kiasi fulani juu ya hali ya kawaida kwa saa kadhaa mfululizo kuchimba kunasimama mpaka maji yasafike. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilitaja miligramu 30 za tope kwa lita, ila hicho ni kiwango cha maji taka yanayomwagwa, hakikutungwa kwa ajili ya kukwambia matumbawe au nyasi za bahari zitaishi. Ukikuta ripoti imeegemea hapo peke yake sema wazi kwamba haitoshi, na uliza pia inatumia toleo lipi la kanuni kwa sababu kanuni hubadilishwa.

Mtaahidiwa pazia la tope, lile turubai linaloning'inizwa majini kuzunguka mashine. Linasaidia maji yakiwa yametulia, lakini mkondo ukiwa mkali linafura linanyanyuka na tope linapita chini yake, na sisi tunajua bamvua inavyokimbia kwenye milango yetu. Wakilitaja waulizeni mkondo wa pale waliupima una kasi gani siku za bamvua. Jambo la maana zaidi kuomba ni kuchimba siku za maji mafu na kusimama bamvua kali, hilo mvuvi yeyote anaweza kulieleza vizuri kuliko injinia.

Udongo ukishatoka unapelekwa wapi? Ramani iwe na nukta za GPS, kina cha pale, na mkondo wa kila msimu. Wakati wa kusi maji ya pwani yetu yanakwenda kaskazini kwa nguvu, kwa hivo ukimwaga nje ya mlango wa Kilindini jambo la kwanza la kuuliza ni hali ya miamba ya Nyali hadi Bamburi ambako kuna hifadhi ya bahari ya Mombasa.

Sasa tukifika kwenye meli zenyewe, msidanganyike kwamba ukaguzi wa maji unaisha ujenzi ukiisha. Meli ya kruzi inaweza kuwa na urefu wa mita 300 na watu elfu kadhaa ndani, ni kamtaa kanakoelea. Inapofunga gati inazungusha propela za pembeni, na kama chini yake kumebaki maji machache inachimbua tope kila inapokuja na kila inapoondoka, na hilo liwe kwenye hesabu ya ripoti. Maji ya choo, mkataba wa kimataifa wa MARPOL, ule wa kuzuia uchafu wa meli baharini, unaruhusu yaliyosagwa na kuuliwa vijidudu yamwagwe zaidi ya maili 3 za bahari kutoka nchi kavu na yasiyosafishwa zaidi ya maili 12, lakini maji ya kuogea, kufulia na jikoni MARPOL haiyabani hivo, kwa hivo ni masharti ya bandari na leseni ndo yatakayoyabana. Uliza kama gati litakuwa na mabomba ya kupokea maji taka na yakishapokewa yanakwenda mtambo gani na huo mtambo una nafasi. Uliza pia kuhusu skraba, zile mashine zinazoosha moshi wa meli kwa maji ya bahari na kuyarudisha yakiwa na asidi na masizi. Singapore na Fujairah walikataza kumwaga maji ya skraba za wazi bandarini mwao tangu 2020, na sisi tunaweza kudai sharti hilo hilo liandikwe kwenye leseni.

Kuandika maoni kwenyewe si kazi kubwa. Andika kwa Kiswahili, kifungu cha 7 cha Katiba kinasema ni lugha ya taifa na lugha rasmi, hakuna anaeweza kukwambia rudi na Kizungu. Kila hoja iwe na ukurasa, mahali, na ombi. Mfano: "Ukurasa huu, jedwali hili, sampuli zote sita zilichotwa mwezi wa tano. Sisi wavuvi wa dema tunavua hapa hasa Disemba hadi Machi na daftari letu linaonyesha maji ni safi zaidi wakati huo. Tunaomba leseni isitolewe mpaka vipimo vya kaskazi viongezwe, na kiwango cha kusimamisha uchimbaji kitokane na vipimo hivyo." Hiyo inashinda kurasa kumi za kulalamika kwa sababu ni vigumu mtu wa NEMA kuipuuza. Mkiwa wengi msikopi barua moja mkabadilisha majina, kila mtu aandike anachokijua, mama anaeokota chaza ufuoni ana yake na mwenye boti ya vioo ana yake. Peleka nakala mbili, moja ipigwe mhuri wa kupokelewa ubaki nayo, na tuma kwa imeli pia.

Mikutanoni nendeni na hakikisheni maneno yenu yameandikwa kwenye kumbukumbu, na msitie sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio kabla hamjasoma kichwa chake kinasema nini. Na mkutano uliofanywa kabla utafiti haujaisha si mashauriano kamili. Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira (NET) ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, na sababu moja kubwa ilikuwa hiyo, watu waliitwa mapema kabla madhara hayajajulikana na hawakurudiwa na ripoti yenyewe. Mwaka mmoja kabla, 2018, Mahakama Kuu iliamuru wavuvi kama 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari ya Lamu ya mradi wa LAPSSET, ule wa bandari na barabara za kuelekea Sudan Kusini na Ethiopia, na uchimbaji wake. Ukisoma kesi hizo utaona rekodi zilivyowabeba watu, barua, tarehe, nani alivua wapi, kwa hivo wale ambao kadi zenu za BMU zimepitwa na wakati zifanyeni upya sasa hivi.

Leseni ikitoka iombeni na msome masharti yake moja moja. Kama hamkuridhika rufaa ya NET ina siku 60, msingoje ya 59. Kama mmeridhika, chagueni watu wawili watatu wa kushika daftari na ile sahani wakati wa uchimbaji, na mwenye mradi awe anawapa vipimo vyake vya kila wiki bila kuombwa. Siku maji yakichafuka kupita kiasi pigeni picha zenye saa na lokesheni, pimeni kwa sahani, na mpelekee mkurugenzi wa NEMA wa kaunti siku hiyo hiyo mkitaja namba ya sharti lililovunjwa. Gati likishaanza kazi kuna ripoti ya ukaguzi wa mazingira ya kila mwaka ambayo watu wachache sana wanaiomba, hiyo nayo iombeni, na mulinganishe jedwali lake na lile la mwanzo, mahali kwa mahali na msimu kwa msimu.