Mwandiko unaharibika kwenye tableti? Jaribu hivi

Wadau wa Mbeya mnaochukua notsi kwa tableti, kama mwandiko wako kwenye daftari ni mzuri ila kwenye kioo herufi zinakimbia kimbia, mkono wako hauna shida, shida ni kioo kinateleza. Karatasi ina ukwaruzo unaoshika ncha ya kalamu, ndo maana unaweza kusimamisha mstari pale pale unapotaka. Bandika protekta isiyong'aa, ile ukiipitisha kidole unasikia kama karatasi, utaona tofauti siku hiyo hiyo, ila ujue inakula ncha ya kalamu haraka so weka na ncha ya akiba. Halafu washa mistari kama ya daftari na uzumu kidogo uandike kwa saizi unayoandikaga kawaida.

Sasa baridi hii ya mwezi wa 6 na wa 7, mimi huku Uyole asubuhi vidole vinakufa ganzi kabisa, basi navaa glavu ya sufi mkono wa kuandikia, kioo hakiisikii kiganja so hakuna michoro ya ajabu ajabu, na kalamu inaandika freshi tu. Hiyo ni kwa kalamu zenye umeme wake ndani, zile za bei chee za kichwa cha mpira zinategemea umeme wa mwili wako, ukivaa glavu haziandiki.

Ila vitu vya kukariri kabla ya mtihani bado naandika kwenye daftari, vinakaa kichwani zaidi.