Umepata kazi na nyumbani mlikuwa mnategemea Inua Jamii? Panga haya kabla hujaanza

Kama nyumbani mmekuwa mkiisukuma na ile 2,000 ya mwezi ya Inua Jamii, msaada wa pesa wa serikali, alafu sasa umeitwa kazi hapa Mombasa, iwe kiwandani Changamwe ama hotelini Bamburi, hongera sana, lakini mwezi wa kwanza ndio unaomaliza watu, uangalie huo mapema.

Mshahara unakuja mwisho wa mwezi. Ukianza mwezi ukiwa mchanga utatoka alfajiri wiki nne bila kushika kitu, na nauli haikungoji, cha mchana hakikungoji, na yule anaekukalia na mtoto nae anataka chake. Ukikaa Likoni, ferry kwa miguu ni bure, ila matatu ya kukufikisha ferry na ingine ya kukutoa ng'ambo hadi Changamwe hazina bure, na ukichelewa ni boda. Kaa chini uandike nauli ya kwenda na kurudi, uzidishe kwa siku zote za kazi, uone jumla yake, alafu ujue itatoka wapi. Mimi naona bora uongee na chama ama ndugu kuliko kuishi kwa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, manake Fuliza inakutoza kila siku na mshahara ukipitia M-Pesa inajikata yenyewe kwanza, we unaachiwa kilichobaki.

Ukiambiwa 18,000 usiahidi mtu 18,000. NSSF, akiba ya uzeeni, asilimia 6 ni 1,080, ya afya ya SHA asilimia 2.75 ni 495, ya nyumba asilimia 1.5 ni 270, unabaki na 16,155. PAYE, ile kodi ya mshahara, haikugusi hapo. Panga kodi ya nyumba na unga kwa hiyo 16,155 tu.

Makaratasi pia, PIN ya KRA, namba ya NSSF, na SHA unajisajili kwa *147#. Kazi ya jikoni watataka cheti cha afya, hicho nacho kina gharama zake.

Sasa hiyo pesa ya Inua Jamii yenyewe. Usinyamaze na usiikatae kwa haraka, nenda kwa chifu ama afisa wa ustawi wa jamii umueleze umepata kazi ya aina gani, umuulize waziwazi nyumba yenu itabaki kwenye orodha ama la. Na kama imeandikwa kwa jina la nyanya aliepita miaka 70 ama mtoto mwenye ulemavu, hiyo ni yake, tafadhali dada yangu isiwe ndio nauli yako.

Kabla ya yote uliza kama ni kasuali, yaani kibarua wa siku, ama kandarasi, manake kasuali leo upo, kesho unarudishwa getini. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kasuali akifanya siku mfululizo zikafika mwezi anahesabiwa kama mfanyakazi wa mwezi, kwa hivo kila jioni andika kwenye kidaftari tarehe, saa ulizoingia na kutoka, na msimamizi alikuwa nani. Siku ya malipo ukiijua, mpitie mwenye duka anaekukopesha umwambie tarehe, na mwenye nyumba vilevile, kabla hawajaanza kukuuliza wao.