Usiufagie Utando Kabla ya Kuusoma

Mvua za Machi zikishakolea, bustani za nyumbani huku Kiryandongo, Uganda, huingiwa na buibui wakubwa. Hutanda kati ya migomba, kwenye ua, hata juu ya kijia cha kwenda chooni. Mama mmoja wa Bweyale aliniita nimwelekeze dawa ya kuwaua, maana watoto wake walikuwa wamegoma kwenda kuchuma mchicha.

Nikamwomba kwanza, "Mama, tusogee tuone kilichonaswa." Kwenye utando mlikuwa na panzi wawili, mabawa ya nondo, na nzi wa matunda wengi. Nzi wale ndio walionistua. Hatua chache tu kutoka pale, chini ya mpera, mapera yalikuwa yameanguka na kuoza, na humo ndimo nzi walimokuwa wakizaliana. Alikuwa akihangaika na buibui huku adui yake analelewa chini ya mti. Tuliyaokota mapera yote tukayafukia kwenye shimo la nusu mita, kwa sababu ukiyafukia juujuu nzi wapya watatoka tu.

Ndiyo maana nawasihi wakulima: kila asubuhi, pitia tando zako kabla hujashika ufagio wala bomba la dawa. Zinakuonyesha wadudu gani wanaruka shambani mwako.

Buibui wakubwa hawa ni wa aina mbili hasa. Mmoja ana michirizi ya njano, nyeusi na rangi ya fedha, hukaa katikati ya utando kichwa chini, miguu yake minane ameipanga jozi jozi kama alama ya X. Wataalamu humwita Argiope. Mwingine, Nephila na jamaa zake, ana miguu mirefu zaidi, na uzi wake ukipigwa na jua hung'aa kama dhahabu. Kule Madagaska nyuzi za jamaa yake zilifumwa kitambaa kilichoonyeshwa New York mwaka 2009, na kazi hiyo ilihitaji buibui zaidi ya milioni moja. Unayemwona ni jike. Dume ni mdogo mno, wengi hudhani ni mtoto wake.

Hawa hawamfuati mtu. Ukimfinya kwa mkono anaweza kukuuma, na maumivu yake hayazidi ya nyuki kwa kawaida. Osha kwa sabuni na maji baridi. Ukivimba sana au pumzi ikibana, nenda kituo cha afya upesi.

Lakini tusimpe buibui sifa asizostahili. Utando hunasa kinachoruka. Kiwavijeshi vamizi, aliyeingia Uganda mwaka 2016, akishajificha ndani ya moyo wa muhindi, buibui hamfikii. Nondo anayetokana na kiwavi huyo naye mara nyingine huponyoka, kwa kuwa vumbi la mabawa yake hubanduka likabaki kwenye gundi, yeye akaenda zake. Kwa hiyo mahindi lazima uyakague mwenyewe, mara mbili kwa wiki, ukiponda mayai yaliyo juu ya majani. Vidukari wasio na mabawa nao ni kazi yako.

Utando ukikatiza njia, usimuue buibui wake. Chukua kijiti kirefu, kiweke chini ya miguu yake, mguse taratibu kwa kingine mpaka akikwee, kisha mpeleke kwenye ua. Usiku huohuo anaweza kuanza kutanda upya. Argiope hata huula utando wa zamani ili asipoteze uzi.

Dawa zinazoua kila mdudu, kama zile za sipamethrini, humuua na buibui. Wadudu waharibifu wanaozaana haraka hurudi kabla yake, nawe unajikuta ukipuliza tena na tena. Ikibidi kupuliza, puliza jioni, mahali palipoathirika tu, na uache ukanda wa majani marefu pembezoni mwa bustani, buibui wapate pa kujishikiza. Unapopalilia, ukiona kifuko cha hariri kimening'inia kwenye shina, kiache. Ndani mna mayai, pengine mamia.

Wafugaji wa nyuki peke yao ndio nawaruhusu kuwa wakali kidogo: utando ulio mbele ya mlango wa mzinga uhamishe siku hiyohiyo, maana nyuki nao hunaswa.