Shamba la sola likija karibu na kijiji, mwanaushirika afanye nini afaidike

Kwanza uliza umeme wenyewe unaenda wapi. Ile sola ya Soroti hapa Uganda, megawati 10, iko hapo tangu 2016, na ya Tororo ikafuata 2017, lakini umeme wake unauzwa kwa UETCL (kampuni ya serikali ya kusafirisha umeme) unaingia kwa gridi ya taifa, so usidhani kukaa karibu na fensi kunashusha bei ya yuniti zako, hapana. Unachoweza kupata ni umeme usiochoka sana mchana sababu hausafiri kutoka mbali huko kwa mabwawa ya Jinja.

Kama ushirika wenu ndo unanunua umeme moja kwa moja kwa hilo shamba, hapo kuna maneno. Nenda mkutano mkuu, omba mkataba usomwe mbele ya watu wote: bei kwa kilowati-saa (ndo yuniti moja), ni ya shilingi ama dola (mi dola naiogopa kabisa), miaka mingapi, na inverta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika) ikikufa nani analipa. Paneli zinaweza kukaa miaka 25, inverta haziwezi kukaa hivyo, betri ndo usiseme, kwa hiyo daini sehemu ya mapato iwekwe akiba ya matengenezo kabla mtu hajaanza kuongelea gawio.

Halafu badilisha ratiba yako. Mashine ya posho, welding, pampu ya maji, hizo piga mchana jua likiwa kali, ikiwa ushirika umekubali bei ya mchana ishuke. Haijaandikwa? Pelekeni hoja, chama ni chenu.

Vijana wapelekeni wakafunzwe kuosha paneli na kufyeka majani, hiyo kazi haiishi.